Kiti cha Kushoto

Dar es Salaam
11 Januari 2025

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, shemeji Deodatha na wajukuu. Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie dawa zake za presha nimezituma kwa basi la Jumatano. Shemeji yako Adventina hajambo, magoti tu yanamsumbua kwa ngazi za nyumba hii. Senene mliotuma waliisha siku mbili. Majirani wa huku walituona washamba, lakini sahani walirudisha tupu.

Utashangaa nakuandikia kwa kalamu wakati simu ipo. Simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani, na ujumbe wa sauti husikilizwa na kijiji kizima. Hili ni la wewe na mimi. Ukimaliza kusoma, choma karatasi.

Unajua kazi yetu inakwenda kwa orodha. Kila rubani ana namba tangu siku aliyoajiriwa, na hakuna wa kuruka namba hata awe hodari vipi. Kampuni yangu ya kwanza ilipokufa nilikuwa kapteni wa ndege ndogo. Nikahamia hii, nikaanzia mkiani, chini ya vijana niliowafundisha mwenyewe. Wakati ule hawakupokea mtu aliyepita miaka arobaini na tano. Mimi kwa cheti nilikuwa na arobaini na nne. Miaka kumi na saba nimekaa kiti cha kulia, rubani msaidizi, nikiisoma orodha ile na kusubiri wenzangu wazeeke.

Sasa wamezeeka. Sheria inasema rubani wa ndege ya abiria akitimiza sitini na tano anashuka, hakuna mjadala. Mwaka huu makapteni watatu wanatimiza: mmoja Machi, mmoja Juni, mmoja Septemba. Kwa upande wa wasaidizi, mbele yangu kuna wawili tu. Kiti cha tatu ni changu. Nyuma yangu anafuata Najat, yule binti wa Muzamil mwenye duka la vitenge Kayanga. Ana miaka thelathini na mbili. Yeye anaweza kusubiri.

Kabla ya kunipandisha watahakiki vyeti upya. Mtu akipiga simu au akifika hapo, jibu ni lile la siku zote: wewe ni Jovitus wa mwaka 1960, mimi ni Benjamin wa 1964. Wewe mkubwa, mimi mdogo. Usiongeze neno.

Ni mimi kaka yako.


Bweranyange
23 Februari 2025

Kaka, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwa Muzamil wiki nne chini ya mabunda ya vitenge, maana basi huacha vifurushi dukani kwake na mimi sikuwa na safari ya Kayanga. Mama anakula kidogo, anasinzia sana, lakini akili anayo. Jana alimgombeza Deodatha kwamba matoke hayakuiva. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya bondeni. Tumeng'oa mashina kumi na nane na kuyafukia. Kahawa Mungu anasaidia, imetoa maua.

Karatasi sijaichoma. Nimeiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, mahali ambapo wajukuu zangu hawafiki kabisa.

Umesema nisiongeze neno. Kwa wageni sitaongeza, lakini kwako niache niongeze, maana tangu baba afe hatujawahi kulitaja. Ulipofeli darasa la saba, baba alikupeleka kwa shangazi Bugomora ukarudie, na kurudia enzi zile kulikuwa kwa jina la mtu mwingine. Akachukua cheti changu cha ubatizo. Mimi nilikuwa darasa la nne, natembea na kamasi, jina sikulihitaji. Mwaka 1978 nikafaulu, wa kwanza shule nzima, na baba akawa na cheti kimoja tu cha kunipa, nacho kilikuwa chako. Wakasoma: Jovitus, miaka kumi na minane. Wakasema huyu ni mtu wa kuoa, si wa kidato cha kwanza.

Ndiyo nikawa dereva wa gari la wagonjwa. Mwaka 2020 wakanistaafisha kwa kutimiza sitini, nami nilikuwa na hamsini na sita. Silalamiki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini kuhesabu nilifundishwa, hata kama niliishia la saba. Mwezi ujao, siku ya Mtakatifu Yosefu, mama atasema kama anavyosema kila mwaka kwamba siku hiyo ndiyo alimpata kifungua mimba wake. Utakuwa umetimiza sitini na tano. Kaka, wewe ndiye unayetakiwa kushuka Machi. Hao wawili wa Juni na Septemba ni wadogo zako.

Na jingine. Krismasi ulipokuja ulisoma somo la pili kanisani ukaruka mistari miwili. Katekista alisema ni baridi imekushika koo. Mimi nilikuwa benchi la mbele, nikaona umekishika kitabu upande na kichwa umekigeuza. Macho yako yana nini?

Mimi mdogo wako kwa mama, na mkubwa wako kwa serikali.


Dar es Salaam
18 Mei 2025

Mdogo wangu,

Poleni kwa kuuguza. Deodatha ameniambia mama amelazwa tena Nyakahanga na kwamba daktari amewataka mjiandae. Nimeomba ruhusa, nimepewa siku tatu tu na nitazitumia wakati wake utakapofika. Huku sote wazima. Kapteni wa Machi alishuka, wakamkatia keki na kumpa picha ya ndege kwenye fremu. Vyeti vyangu vimehakikiwa, havina shida.

Usinione sina moyo kwa haya nitakayoandika. Nayaandika sasa kwa sababu siku ile hakutakuwa na nafasi ya kunong'ona.

Mama akituacha, kampuni italeta watu na rambirambi, ndiyo desturi yao. Najat hatakosa, maana ni nyumbani kwao. Yeye amekulia Kayanga. Anajua kwamba kwetu kifungua mimba wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Akiniona natangulia mimi, atajiuliza, na namba yake iko chini ya yangu. Simsemi vibaya, ni mtoto mwenye adabu, lakini njaa ya kiti naijua.

Kwa hiyo utatangulia wewe. Mimi nitafuata. Na wasifu utakaosomwa kanisani uandikwe hivyo: wa kwanza Jovitus, wa pili Benjamin. Kahigi na wazee wengine wa ukoo uongee nao mapema, uwaambie ni mambo ya ofisi.

Halafu uache kupitisha barua kwa Muzamil. Wape watu wa basi mkononi.

Mengine uliyouliza tutaongea nikija.

Ni mimi kaka yako.


Bweranyange
9 Julai 2025

Kaka, shikamoo.

Tumerudi kwenye kazi. Kahawa tumeanika, watoto wamefungua shule, Deodatha bado anaweka sahani ya mama kisha anaiondoa.

Nilikaa bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na baba alisema barua ya hasira ilazwe. Nimeilaza mwezi mzima na haijapoa. Ulipoandika nani atangulie kutupa udongo, mama alikuwa hai anaomba uji. Niliisoma barua yako nimekaa kwenye ubao wa wodini, yeye ananiuliza kaka yako anasema nini. Nikamwambia unasema unakuja. Akafurahi sana, kaka. Alikusubiri wiki tatu.

Nilikutii hata hivyo, ndivyo tulivyolelewa. Wasifu ulisomwa ulivyotaka. Nilitupa udongo wa kwanza, watu wakaguna, Kahigi akaniangalia kama mwizi wa kuku. Zamu yako ilipofika ulinyoosha mkono kupokea koleo ukashika hewa. Aliyekuwekea mpini mkononi ni Najat. Ulimwona? Nadhani hukumwona.

Saa tisa ulishaondoka na gari la kampuni, kwa hiyo la siku ya kuanua matanga hulijui, na hakuna aliyethubutu kukupigia. Unakumbuka baba alipofariki ulikaa siku mbili, ukaomba suala la musika lisubiri, na wazee wakakubali kwamba huyo musika, mrithi wa nyumba, atakalishwa kitini mama naye akishatangulia. Basi walikaa. Nikawaambia kiti ni chako, tukungoje likizo. Kahigi akauliza nani alimfukia mama kwanza. Nikasema ni mimi, lakini ni mambo ya ofisi. Akasema, "Hakuna mtu anayekuwa mdogo Jumamosi na mkubwa Jumatatu. Amesema mwenyewe mbele ya kaburi, na sisi tumesikia."

Wakanikalisha kwenye kiti cha baba na kunishikisha mkuki wake. Sikukitaka. Nililia mbele ya watu, mzee mzima, wakadhani namlilia mama.

Sasa nakuuliza mara ya pili. Macho yako yana nini?

Mdogo wako.


Dar es Salaam
30 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Nimepokea. Adventina anawasalimu, amekwenda kwa binti yetu Dodoma kupumzika.

Nisikufiche, iliniuma. Kahigi ninayemtumia koti na tumbaku kila mwaka ndiye anayenivua ukubwa wangu nikiwa safarini. Lakini nilijitakia. Kaeni na kiti chenu, mimi kiti changu kiko huku.

Umeuliza mara mbili, nakujibu mara moja. Jicho la kulia lina ukungu tangu mwaka jana, na la kushoto limeanza. Mchana wa jua naona. Mvua ikinyesha au taa zikiwa nyingi, vitu vinakuwa viwili viwili. Kwenye kupimwa afya bango la herufi halijabadilika miaka yote. Nimelikariri kama Salamu Maria. Sijakwenda kwa daktari wa nje, kwa sababu daktari huandika, na kilichoandikwa husomwa.

Kabla hujanihubiria: kule mbele tunakaa wawili. Mmoja asipoona, mwenzake anaona. Na mashine zinaona kuliko sisi wote. Mafunzo ya ukapteni nimeyapita. Yule wa Juni ameshuka, wa Septemba anashuka tarehe kumi na mbili. Tarehe moja Oktoba nakaa kushoto, kiti cha kapteni.

Unajua nimekaa nyuma ya watu miaka mingapi? Kumi na saba nimewasomea wengine vipimo na kuwaitikia sawa kapteni, ndiyo kapteni. Kuna mmoja nilimfundisha kuwasha injini, akawa ananiita mzee Benja mbele ya wahudumu. Naomba miaka minne tu niruke kwa amri yangu mwenyewe, kisha nirudi nyumbani nife. Si mingi.

Orodha ya Oktoba imetoka. Msaidizi wangu wa kwanza ni Najat.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Ni mimi kaka yako.


Bweranyange
14 Septemba 2025

Benja wa vyeti,

Leo sikuamkii. Si dharau. Kahigi amenionya kwamba aliyekalishwa kiti cha baba haamkii wadogo zake, naye anasimamia mambo hayo kuliko padri anavyosimamia amri kumi. Hapa hatujambo. Mnyauko umekula shamba la bondeni lote.

Umesema nisikuandikie. Mdogo wako angekutii. Musika hawezi.

Muzamil alileta sukari mifuko miwili kwenye msiba wa mama, akakaa siku mbili kwenye mkeka, yeye Mwislamu na magoti yake mabovu, akisema amekuja kumsindikiza mama wa rubani mwenzake na binti yake. Hajawahi kufungua barua zetu, na zimelala dukani kwake zote hizo. Mwanawe ndiye unayesema ataona kwa niaba yako. Je, yeye ameambiwa kwamba ataona peke yake? Na wale waliokaa nyuma, wanaofunga mikanda na kula karanga, wameambiwa?

Nikusimulie kitu ambacho hata Deodatha hajui. Siku waliponistaafisha walinipa cheti na saa ya ukutani, wakaimba. Gari nilikuwa nimelipeleka bila ajali tangu ujana wangu. Nilikuwa naona mbuzi akivuka kona ya mwisho kabla utingo hajamwona. Niliacha funguo mezani, nikaenda kwenye choo cha hospitali nikalia mpaka mtu akagonga. Miaka minne mizima nilikuwa nasikia king'ora barabarani nasimama na jembe mkononi. Lakini nilishuka. Karatasi ilisema sitini, nikashuka, bila kusema kwamba karatasi ile ni yako.

Mimi nilishuka kwa miaka yako, kaka. Wewe shuka kwa miaka yako mwenyewe.

Sitakushtaki. Nikikushtaki nimemshtaki baba kaburini, na mimi mwenyewe pensheni yangu iko kwa jina hilo hilo. Ninachoweza ni kukuagiza kwa kiti walichonipa, ambacho ulikiacha ukikimbilia kingine. Nakuagiza ushuke.

Benjamin wa mama.


Dar es Salaam
7 Desemba 2025

Shikamoo.

Nimeanza hivyo kwa makusudi. Ukoo uliamua na mimi sina tena nguvu ya kubishana. Msalimie Deodatha, na kaburi la mama mlipalilie kabla ya Krismasi, maana sidhani kama nitakuja.

Barua yako ya Septemba niliichana. Tarehe moja Oktoba nilikaa kushoto. Nilivaa mistari minne mabegani, Adventina akanipiga picha, na kwa wiki sita nilikuwa mtu mwenye furaha. Nakwambia ukweli, sijawahi kuwa na furaha vile. Anga lilikuwa safi kila siku, nikaamini Mungu amenipa ruhusa.

Tarehe kumi na nne Novemba tulikuwa tunashuka Mwanza, mvua kubwa, saa kumi na mbili jioni. Niliona mistari miwili ya taa. Nikachagua mmoja. Najat akasema, "Kapteni, hapo ni ziwani." Nikamwambia nauona uwanja. Nilikuwa nauona, mdogo wangu, nakuapia nilikuwa nauona. Akasema, "Nachukua mimi," akaipandisha ndege, akazunguka, akatua vizuri kabisa. Abiria mia moja na wanne walishuka wakilalamika kwamba tumechelewa.

Injini zilipozimwa alifungua mkanda, akanigeukia. Akasema, "Mzee, niliona tangu siku ya koleo. Nilitakiwa kusema siku ile. Nilikuonea haya." Nikamwambia aandike taarifa yote kama ilivyokuwa, naye akaandika huku analia. Januari atakaa kushoto.

Kamati iliniita wiki iliyopita. Nilidhani wataniuliza vyeti. Hakuna aliyegusa vyeti. Daktari alieleza kwamba ni mtoto wa jicho tu, anaondolewa kwa upasuaji wa nusu saa. Mwenyekiti ni yule yule niliyemfundisha kuwasha injini. Alinihurumia. Alisema kosa la kuficha litaandikwa, nitakaa chini miezi sita nitibiwe, kisha nitarudi kwenye namba yangu. Akafunga faili na kuniambia, "Usivunjike moyo, Kapteni Benjamin. Una sitini na moja tu, bado una miaka minne."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kusema asante.

Nilikukumbuka kwenye kile choo cha hospitali. Nikasema, "Miaka hiyo si yangu. Ni ya mdogo wangu, yuko Bweranyange." Mwenyekiti akanisihi nikapumzike, akadhani nimechanganyikiwa. Nikakaa nikawaeleza yote, kuanzia Bugomora.

Leseni wamechukua. Faili limekwenda polisi, na watu wa pensheni wamepewa nakala. Watakuja huko kabla ya mwaka kwisha. Ulikosa shule kwa ajili yangu, ukakosa kazi, na sasa huenda ukakosa hicho kidogo kilichobaki, tena labda tulale ndani sote wawili tukiwa wazee. Sina cha kukulipa na sitakuomba msamaha kwa karatasi.

Wakifika uani wakauliza Benjamin ni yupi, simama.

Jovitus.